Coccinelle, gari lisilo na radiateri: lilishinda matope, lakini Ituri ikapanda pikipiki

Mwishoni mwa mwezi wa tano 1953, magari kadhaa yaliingia katika barabara za udongo za Kenya, Uganda na Tanganyika kwa mashindano ya zaidi ya kilomita 3,000. Sababu ilikuwa sherehe: Elizabeth wa Pili alikuwa karibu kutawazwa malkia wa Uingereza, na walowezi wa Nairobi walitaka kushangilia kwa namna yao. Msimu wa mvua ndefu ulikuwa unaisha. Gari lililofika mwisho likiwa na adhabu chache kuliko mengine yote lilikuwa dogo, la mviringo, lenye nguvu ya farasi 25 tu. Motere yake ilikaa nyuma, mahali ambapo wengine huweka mizigo. Na halikuwa na radiateri.

Lilikuwa Volkswagen ya Wajerumani, gari ambalo sisi wa upande huu, tuliotawaliwa na Wabelgiji, tulilijua kwa jina la Kifaransa: Coccinelle, yaani kale kadudu kenye mgongo wa mviringo.

Barabara zilizolipima gari hilo ni ndugu wa barabara zetu. Shuka kutoka Bunia hadi Kasenyi, vuka Ziwa Albert, na tayari uko Uganda. Udongo ni ule ule, mvua ni ile ile. Ndiyo maana habari za gari hili zinatuhusu, hata kama leo ukisimama kwenye Boulevard de la Libération saa moja asubuhi utahesabu pikipiki mpaka uchoke, utaona Toyota za kila umri, na Coccinelle usiitazamie. Lilikuwa gari lililobuniwa kwa ajili ya mtu asiye na fedha nyingi na barabara isiyo nzuri. Sisi tulikuwa na vyote viwili. Hata hivyo halikuwa letu.

Wazo lilikuwa la nani?

Wengi husema kwamba Ferdinand Porsche ndiye aliyevumbua gari dogo lenye motere nyuma. Si hivyo, na ukweli wenyewe una uchungu kidogo.

Ujerumani ya miaka ya 1920 ilikuwa nchi iliyoshindwa vita. Mfanyakazi wa kawaida alienda kazini kwa miguu, kwa baiskeli, na akibahatika, kwa pikipiki. Gari lilikuwa kitu cha daktari na mwenye kiwanda. Mwaka 1925 kampuni ya Hanomag ya Hannover, iliyozoea kutengeneza vichwa vya treni, ikatoa kigari cha watu wawili chenye pistoni moja tu na nguvu ya farasi 10, motere ikiwa nyuma. Kwa umbo lake Wajerumani wakakitania kuwa ni mkate wa askari. Farasi 10 si mbali na nguvu ya pikipiki nyingi zinazobeba abiria hapa Bunia. Kigari hicho kilitengenezwa mpaka 1928.

Kuweka motere nyuma hakukuwa ushamba wala mtindo. Katika gari la kawaida la wakati ule, motere ilikuwa mbele na magurudumu yanayosukuma yalikuwa nyuma, kwa hiyo ilibidi kuwe na kardani, chuma kirefu kinachopita chini ya gari kupeleka nguvu. Ukiiweka motere karibu na magurudumu yenyewe, kardani inaondoka, na pamoja nayo uzito na gharama. Pia ule uzito wa motere unayakandamiza magurudumu yanayosukuma. Kila mtu aliyewahi kuwaomba abiria wakae nyuma ya pikapu ili itoke kwenye potopoto anaijua siri hiyo bila kufundishwa na mtu.

Aliyeipigania zaidi kwa kalamu ni Josef Ganz, injinia Myahudi aliyezaliwa Budapest na kuwa mhariri wa gazeti la magari huko Ujerumani. Aliandika bila kuchoka kwamba viwanda vinatengeneza magari mazito na ghali kwa watu wasiokuwepo. Mwezi wa pili 1933, katika maonyesho ya magari ya Berlin, kiwanda cha Gutbrod kilionyesha gari dogo lililofuata mawazo yake, Standard Superior, na matangazo yake yalitumia neno hilo hilo, Volkswagen, yaani gari la watu. Miezi michache baadaye Ganz alikamatwa na polisi wa siri wa Hitler. Alipoachiwa alikimbia nchi, akaishi Uswisi, na akafia Australia mwaka 1967, wakati gari linalofanana na wazo lake likiwa limejaa dunia nzima.

Mwingine ni Hans Ledwinka wa kampuni ya Tatra, huko Chekoslovakia. Mwaka 1936 Tatra ilionyesha gari lenye motere nyuma, silinda nne zilizolala mbilimbili kila upande, zikipozwa kwa upepo. Ukisoma maelezo hayo bila jina utadhani unasoma habari za Coccinelle. Tatra ilidai haki yake, vita vikaingilia kati, na mwaka 1965 ndipo Volkswagen ilipokubali kulipa fidia.

Porsche basi hakuanza kutoka patupu. Alichofanya, na si kidogo, ni kuyakusanya mawazo hayo mpaka yakawa gari linaloweza kutoka kiwandani kwa maelfu bila kubadilika, na gari ambalo halikuwa la kuchezea. Watu wanne wangekaa ndani yake na kusafiri siku nzima kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa.

Stempu za marki tano

Mkataba wa kulibuni alipewa mwaka 1934. Hitler aliahidi kwamba kila mfanyakazi Mjerumani atalinunua kwa marki 990, bei ambayo viwanda vingine vilisema haiwezekani. Tarehe 26 mwezi wa tano 1938 jiwe la msingi la kiwanda likawekwa karibu na Fallersleben.

Malipo yalikuwa hivi: mfanyakazi ananunua stempu ya marki tano kila wiki na kuibandika kwenye kitabu. Kitabu kikijaa, anapewa namba ya gari. Watu wapatao 336,000 walijiandikisha. Kisha mwaka 1939 vita vikaanza, kiwanda kikageuzwa kutengeneza vyombo vya jeshi, na katika watu hao wote hakuna hata mmoja aliyepata gari kwa stempu zake. Baadhi walikwenda mahakamani baada ya vita. Mwaka 1961 ndipo mambo yalipokwisha kwa mapatano: punguzo la bei kwa anayenunua Volkswagen mpya, au fedha kidogo mkononi.

Walioteseka zaidi hawakuwa wenye stempu. Wakati wa vita watu wapatao 20,000 walilazimishwa kufanya kazi katika kiwanda hicho: Wapolandi, Warusi, Wafaransa, Waitalia, wafungwa wa vita na wafungwa wa kambi za mateso. Miaka hiyo hiyo, huku kwetu, utawala wa Kibelgiji uliwaongezea wanavijiji siku za kazi ya lazima mashambani hadi 120 kwa mwaka, kuanzia 1942, kwa ajili ya vita hivyo hivyo lakini upande wa pili. Mmoja alilazimishwa kumtumikia Hitler, mwingine alilazimishwa kumpiga Hitler.

Vita vilipokwisha mwaka 1945, kiwanda kilikuwa kimepigwa mabomu na kikaangukia mikononi mwa jeshi la Uingereza. Afisa mmoja kijana, meja Ivan Hirst, alikikuta na akaona kinaweza kutengeneza magari ambayo jeshi lake liliyahitaji. Likaja agizo la magari 20,000. Wakuu wa viwanda vya Uingereza walilitazama gari hilo na kuliona halina maana kibiashara. Kampuni ya Ford nayo, mwaka 1948, haikulitaka. Mwaka huo huo uongozi ukapewa Heinrich Nordhoff, Mjerumani aliyetoka Opel, na ndiye aliyeliuza duniani. Tarehe 5 mwezi wa nane 1955 gari la milioni moja likatoka. Tarehe 17 mwezi wa pili 1972 Coccinelle namba 15,007,034 ikaipita Ford Model T, gari la Marekani lililoshikilia rekodi ya kutengenezwa kwa wingi kuliko yote.

Haikuwa peke yake. Renault, iliyokuwa imetaifishwa, ilitoa 4CV yake mwaka 1946, nayo motere nyuma, na ikawa gari la kwanza la Ufaransa kupita milioni moja. Fiat ya Italia ikafuata na 600 mwaka 1955. Ulaya nzima iliyotoka vitani bila fedha ilifikia hesabu ile ile. Wabelgiji nao hawakubaki nyuma: kampuni ya D'Ieteren iliunganisha Coccinelle huko Forest, Brussels, kuanzia miaka ya 1950.

Upepo hauchemki

Turudi kwenye matope, maana hapo ndipo gari hili lilipojipatia jina Afrika.

Waandaaji wa mashindano ya 1953, wakiongozwa na Eric Cecil wa Nairobi, waliyagawa magari kwa bei yake ya dukani, si kwa ukubwa wa motere. Ni mgawanyo wa watu wenye akili ya mnunuzi: kwa fedha hizi, ni gari gani litanifikisha? Madereva Alan Dix na Johnny Larsen walijibu kwa Volkswagen. Mwaka uliofuata Vic Preston na D. P. Marwaha, na Volkswagen tena. Mwaka 1957 Gus Hofmann, Volkswagen. Mwaka 1962 Tommy Fjastad na Bernhard Schmider, Volkswagen. Mara nne katika miaka kumi ya kwanza ya mashindano ambayo dunia iliyajua baadaye kwa jina la Safari Rally.

Ili kuelewa kwa nini, chukua mlima wa Kasenyi. Ziwa Albert liko karibu mita 620 juu ya usawa wa bahari, Bunia iko karibu mita 1,275. Gari linalopandisha samaki kutoka ziwani linapanda zaidi ya mita 600, kwa gia ndogo, mwendo mdogo, jua kali. Motere ya maji ikifanya kazi hivyo, maji huanza kuchemka. Radiateri ikiwa imeziba, au mpira wake umepasuka, au kijana wa garaji alisahau kuongeza maji, safari imekwisha. Mkiona dereva amesimama pembeni, ameinua boneti, anamimina maji ya mto kutoka kwenye bidoni, hiyo ndiyo hadithi.

Motere ya Coccinelle haikuwa na maji ya kuchemka. Silinda zake zilikuwa na mapezi ya chuma, na feni iliyozungushwa na mkanda ilivuta hewa na kuipuliza juu yake. Mafuta ya motere yalipita kwenye kipozeo chake na kusaidia kazi. Vumbi lilinaswa na chujio lenye mafuta ndani, kitu cha kuosha na kurudisha, si cha kununua upya. Chini, gari lilifunikwa kwa bamba moja la chuma, kwa hiyo lilipokaa kwenye tuta la katikati ya barabara liliteleza juu yake kama mtumbwi badala ya kung'ang'ania. Na lilikuwa jepesi, karibu kilo 700. Likikwama, watu wanne walilisukuma likatoka.

Fundi alilipenda kwa sababu nyingine. Motere nzima ilishikwa na boliti nne tu. Ukizifungua na kutoa nyaya chache na mpira wa esansi, unaishusha chini na kuifanyia kazi ukiwa umekaa. Sura ya gari ilibadilika kidogo kidogo sana kwa miaka mingi, kwa hiyo pisi za gari moja mara nyingi ziliingia kwenye lingine la umri tofauti. Fundi aliyelijua moja aliyajua yote.

Mapungufu yalikuwepo, na si madogo. Tangi la esansi lilikuwa mbele, karibu na magoti ya abiria. Uzito ukiwa nyuma, dereva aliyeingia kona kwa kasi na kuachia esansi ghafla angeweza kuona mkia wa gari unataka kumpita. Magurudumu ya nyuma yalijikunja kuelekea ndani, na hapo gari lingeweza kupinduka. Huko Marekani, mwanasheria Ralph Nader aliandika kitabu mwaka 1965 kilicholifanya gari lingine lenye motere nyuma, Chevrolet Corvair, kuwa mfano wa hatari hiyo. Tena mkanda ule wa feni ukikatika, taa nyekundu inawaka na dereva lazima asimame hapo hapo. Akiendelea, anaiunguza motere. Taa za zamani za volti sita ziliangaza vibaya usiku. Na mizigo? Sanduku dogo mbele, na nafasi nyuma ya kiti. Mama wa soko mwenye magunia sita ya mihogo hakuwa na la kufanya na Coccinelle, na nadhani hilo linasahaulika mno na wapenzi wa gari hili wanaoandika kutoka Ulaya.

Shofere bila gari

Congo ya Wabelgiji ya mwisho wa miaka ya 1950 ilikuwa na Wazungu zaidi kidogo ya 100,000 kati ya watu zaidi ya milioni 13. Gari dogo la kibinafsi lilikuwa mali ya kundi hilo dogo: ajenti wa serikali, wa kampuni, mfanyabiashara, misionari. Mfanyakazi wa migodi ya dhahabu ya Kilo-Moto hakuwa na mshahara wa kumfikisha huko, hata kama kazi yake ndiyo iliyofanya mji wa Bunia uwe na sababu ya kuwa na magari. Chombo alichoweza kuota ni baiskeli, na kwa familia nyingi baiskeli ilikuwa jambo kubwa, kitu cha kusimuliwa.

Lakini aliyeosha gari, aliyeliendesha na aliyelala chini yake kulitengeneza, mara nyingi alikuwa Mkongomani. Shofere na fundi walijifunza kazi bila shule, kwa kusikiliza sauti ya motere. Hapo kuna kitu cha kushangaza: gari lilipewa jina la watu, na Ujerumani watu walililipia wasilipate. Congo watu walilitengeneza wasilipate.

Uhuru ulipofika mwaka 1960, nchi ilirithi barabara nyingi ambazo zilishikiliwa kwa mikono, na wafanyakazi wa kandokando waliofukua mifereji na kujaza mashimo kila wiki. Kazi hiyo ilikuwa na historia mbaya ya kulazimishwa, na ilipokatika, hakuna kilichowekwa mahali pake. Uasi wa Simba wa 1964 ulifika mpaka Bunia. Kisha tarehe 30 mwezi wa kumi na moja 1973 Mobutu akatangaza Zairianisation: biashara za wageni zikapewa Wazaire waliochaguliwa, wengi wao bila uzoefu wa kazi hiyo. Maduka yakamalizwa bidhaa na hayakujazwa tena. Gari linaweza kuvumilia matope, haliwezi kuvumilia kukosa pisi. Mkanda mmoja wa feni, kitu cha bei ndogo kabisa, ukikosekana, Coccinelle inabaki kuwa kibanda cha kuku.

Huko huko Ujerumani siku zake zilikuwa zinahesabika. Volkswagen yenyewe iligeukia Golf mwaka 1974: motere mbele, radiateri mbele, magurudumu ya mbele yanayosukuma. Kardani iliondolewa kwa njia nyingine, na nafasi ya mizigo ikapatikana nyuma. Mwezi wa kwanza 1978 Coccinelle ya mwisho ya Ujerumani ikatoka kiwanda cha Emden. Afrika, Volkswagen ilikuwa na kiwanda Uitenhage, Afrika Kusini, kilichoitengeneza tangu 1951 hadi 1979, na Nigeria nako ilianza kuunganishwa Lagos mwaka 1975. Kati ya pande hizo mbili, huku kwetu, soko likaachwa wazi. Walioingia ni Wajapani.

Magari ya okazyo ya Kijapani yanashuka Mombasa, yanapita Kampala na kuingia kwa Mahagi au Aru. Mengi volani yake iko kulia, kwa sababu Japani, Kenya na Uganda huendesha kushoto, lakini Congo huendesha kulia. Kwa hiyo dereva wetu anakaa upande wa mtaro, na akitaka kulipita lori anamwuliza abiria kama njia ni nyeupe. Kinshasa imewahi kukataza kuyaingiza. Huku mashariki yanaendelea kutembea, maana ndiyo yanayopatikana.

Julai 2003

Coccinelle ya mwisho kabisa duniani ilitoka kiwanda cha Puebla, Mexico, tarehe 30 mwezi wa saba 2003. Ilikuwa ya rangi ya buluu hafifu, namba 21,529,464. Wafanyakazi waliipamba, wanamuziki wakaipigia nyimbo za kuagana, kisha ikapelekwa makumbusho ya Wolfsburg.

Msomaji wa Bunia hahitaji kukumbushwa tulikuwa wapi siku hiyo. Mapigano ya mwezi wa tano yalikuwa yamewafukuza maelfu ya wakaaji, wengine wakiishi chini ya mashiti karibu na uwanja wa ndege na kambi ya MONUC. Askari wa operesheni Artemis ya Umoja wa Ulaya, wengi wao Wafaransa, walikuwa mjini tangu mwezi wa sita, kwa idhini ya azimio 1484 la Baraza la Usalama, na waliondoka mwanzoni mwa mwezi wa tisa. Watu waliokimbia kwenda Beni au ziwani walikimbia kwa miguu, mzigo kichwani, mtoto mgongoni. Gari, la aina yoyote, halikuwa katika hesabu zao.

Kilichokuja baada ya hapo ni pikipiki. Mji uliporudi kupumua, vijana waliotoka vitani au waliokosa shule walipata kazi ambayo haikuwepo kwa wingi kabla, kazi ya motari. Ukiitazama ile pikipiki ya Kichina au ya Kihindi anayokalia, utaona vitu tulivyokwisha kuvitaja. Silinda ina mapezi ya chuma, inapozwa na upepo. Mvutano wote uko kwenye gurudumu la nyuma, na abiria amekaa karibu juu yake. Boliti chache, pisi katika kila soko, fundi chini ya kila mwembe. Ikikwama, haisukumwi na watu wanne. Mmoja anatosha.

Kuna tofauti moja inayofaa kutazamwa, nayo ni ya fedha. Mfanyakazi wa Ujerumani alilipa stempu zake kwanza, akasubiri gari lisilokuja. Motari wengi wa hapa hupanda kwanza. Pikipiki ni ya bosi, na kila siku au kila wiki anampelekea kiasi walichopatana. Katika mapatano mengine, baada ya miezi kadhaa ya kulipa, chombo kinakuwa chake. Ni mkataba mgumu, na siku ya mvua hesabu haisimami, wala siku anayougua. Lakini angalau kitu chenyewe kiko kati ya magoti yake.

Bei nyingine hailipwi kwa franga. Coccinelle, pamoja na hatari zake, ilikuwa na paa na milango. Pikipiki inabeba abiria wawili au watatu, mama aliye karibu kujifungua, mgonjwa aliyeshikwa katikati ili asianguke. Kwenye barabara ya taifa namba 27, kutoka Komanda kupita Bunia kwenda Mahagi, motari anapita kando ya lori lililozama, anafuata njia ya miguu, anafika. Njia hiyo hiyo ndiyo inayomkutanisha na wenye silaha, na vizuizi vya kulipa. Tangu mwezi wa tano 2021 Ituri iko chini ya hali ya dharura ya kijeshi, na kutoka mjini bado ni jambo la kuulizia habari kwanza.

Volkswagen imerudi katika kanda yetu. Mwaka 2016 ilianza kuunganisha Polo Vivo huko Thika, Kenya, na mwaka 2018 ilifungua kazi Kigali, Rwanda. Ni magari mazuri, yenye motere mbele na radiateri, yaliyofikiriwa kwa ajili ya lami. Kutoka Kigali hadi Bunia si mbali ukitazama ramani.

Hapa kwetu kilichobaki cha hesabu ya zamani kiko kwenye kitu kidogo. Coccinelle za kabla ya mwisho wa 1961 hazikuwa na kipimo cha esansi. Motere ilipoanza kukohoa, dereva aligeuza robineti kwa mguu au kwa mkono, na zile lita tano zilizobaki chini ya tangi zikashuka. Motari anayetoka Mudzi-Pela kwenda Nyakasanza anaifanya kazi hiyo hiyo bila kushuka kwenye kiti: pikipiki inakohoa, anainamisha mkono wa kushoto chini ya tangi, anageuza, pikipiki inaamka, na anaanza kutafuta kwa macho meza ya karibu ya wale wauza esansi wa chupa tunaowaita Kadhafi.